Bata Walioondoka Mapema

Jirani yangu hapa Moshono amenunua kile kiwanja cha bondeni kinachojaa maji kila masika. Juzi alileta vijana wakafyeka matete yote, wakayatia moto yakiwa bado mabichi. Moshi ukaingia ndani kwangu, ukakaa kwenye mapazia, kwenye kanga, mpaka kwenye maziwa ya chai. Nilitoka nje nikamtolea maneno ambayo mwanamke wa umri wangu, tena mwanakwaya, hapaswi kumtolea mtu. Mjukuu wangu akanishika mkono akanirudisha ndani. "Bibi, ni majani tu," akasema, na akanichemshia chai nyingine.

Si majani tu. Ninyi wa rika langu mliokulia huko juu mlimani mnaujua moshi wa kinamasi. Haufanani na wa jikoni wala wa shamba linalosafishwa. Unanuka tope bovu, nywele zilizoungua na samaki, vyote kwa pamoja, na hautoki mwilini kwa kuoga mara moja. Ukinifikia mimi damu inanichemka, na sioni sababu ya kujizuia. Watu wanapenda sisi wazee tukumbuke utoto wetu kwa tabasamu. Wangu mimi naukumbuka kwa hasira, na leo nitasema kwa nini.

Kwetu ni Nkoaranga, kwenye mteremko wa mlima Meru. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya migomba na kahawa, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba chungu kikikuponyoka mlangoni unakwenda kukiokota kwa jirani. Ng'ombe wetu hawakutoka kwenda malishoni. Walifungwa ndani, na kuwaletea majani ilikuwa kazi ya wanawake. Majani ya huku juu hayakutosha, kwa hiyo mama, bibi mzaa baba, mimi na kina mama wa jirani tulishuka mpaka tambarare, upande wa Usa River, kwenye kinamasi kikubwa kilichokuwa huko. Tulikata, tukafunga mizigo, tukapanda nayo kichwani kwa njia ileile tuliyoshukia. Mzigo wangu ulikuwa mdogo, ila niliupandisha kwa majivuno ya mtu mzima.

Ukiyatazama kwa juu, maji ya kinamasi yalikuwa meusi, lakini ukiyachota kwa kiganja yalikuwa safi na baridi, maji ya mlimani. Miguu ilizama mpaka magotini. Ruba walitung'ang'ania miguuni na mama alituondolea mmoja mmoja kwa kubandika majivu aliyoyabeba kwenye kitambaa. Matete yalikuwa marefu kuliko mtu, na ndani yake kulikuwa na kelele zisizokwisha za vyura na ndege. Nami nilikuwa na furaha humo kuliko mahali popote pengine.

Na walikuwepo bata mwitu. Kulikuwa na wenyeji, walioishi humo mwaka mzima, na kulikuwa na wale tuliowaita wageni. Wageni walifika wakati wa vuli wakitokea kaskazini, wadogo, wamekonda kwa safari, madume yao yana mstari mweupe juu ya jicho. Walikula humo miezi yote ya jua kali wakanenepa. Masika yakikaribia walianza kukusanyika sehemu moja, kisha asubuhi moja wakaruka wote, wakazunguka juu kwa juu, wakaenda zao kwa kupita kati ya Meru na Kilimanjaro. Wengine wana kalenda ya ukutani. Sisi tulikuwa na bata wale.

Siku wageni walipopaa, bibi alishusha mbegu kutoka darini, zilikokuwa zimening'inizwa juu ya moshi wa jiko, akazipukuta majivu na kwenda nazo shambani. Zilikuwa mbegu za maharage mekundu yenye madoa, aliyokuja nayo kutoka kwa mama yake siku alipoolewa. Zilingoja kwenye udongo mkavu, na kabla hazijaliwa na wadudu mvua ya kwanza ikazikuta. Majirani hawakuangalia bata, walimwangalia bibi. Akipita na kikapu, nao wanashusha zao. Ndiyo maana katika ukoo wetu wageni wanaokusanyika hawaguswi. Vijana walitega matanzi ya nyuzi za mgomba wakala bata mwaka mzima bila mtu kuwauliza, lakini wageni wakishaanza kujikusanya, matanzi yote yaliondolewa. Kijana aliyejitia kusahau, bibi alimfuata mpaka kwa mama yake na fimbo.

Mimi nililielewa jambo hili kivyangu. Niliamini mvua imefungwa mahali fulani huko kaskazini, na kwamba bata wanakwenda kuifungua. Kwa hiyo walipopaa nilikimbia hadi ukingoni mwa shamba nikawapigia kelele wasichelewe njiani. Hakuna mtu mzima aliyenikosoa, na nadhani hata wao hawakuwa mbali sana na imani hiyo.

Kisha akaja mzungu tuliyemwita Bwana Miwani. Serikali ya Kiingereza ilimpa tambarare yote ile, kinamasi kikiwamo, kana kwamba hakukuwa na unyayo wa mtu hapo. Alizungusha waya. Siku tuliyoshuka tukaukuta, alikuwapo mlinzi, kijana wa watu, kavaa koti kubwa kuliko yeye.

"Shikamoo mama," alimwambia bibi. "Kuanzia leo majani haya yana mwenyewe."

"Marahaba. Aliyapanda lini?"

Kijana akaangalia chini. "Mimi nimetumwa tu, mama."

"Basi mrudie aliyekutuma, umuulize."

Hakumuuliza, nani angethubutu. Tulirudi na kamba zetu tupu. Tangu siku hiyo tulikwenda kukata majani makavu mbali, upande wa pili wa mto, na ng'ombe wakaanza kuonyesha mbavu. Kinamasi hatukukiona tena. Tulichokiona ni bata tu, asubuhi na jioni, wakipita angani chini yetu.

Wakati huohuo baba alipata kazi kwa Bwana Miwani. Tulifurahi, kwa nini niseme uongo. Alituambia wanachimba mfereji wa kupeleka maji kwenye kahawa ya mzungu, na hilo halikuwa jambo la ajabu. Huku kwetu kila mtu anajua kuchimba mfereji. Alirudi jioni na tope jeusi mpaka mapajani.

"Tope la wapi hili?" mama alimuuliza akifua suruali yake.

"La mferejini."

Mama aliligusa tope lile kwa vidole, akalinusa, akaendelea kufua. Udongo wa huku kwetu ni mwekundu, wenzangu mnaujua.

Jua lilikuwa bado kali, migomba imekunja majani, hata wingu la kudanganyia hakuna, bata walipopaa. Nilikuwa uani na bibi. Tuliwaona wakiinuka kule chini kundi baada ya kundi, wakazunguka, wakapanda juu sana kuliko kawaida, wakaelekea kaskazini, kisha ukungu wa vumbi ukawameza. Nilikimbia ukingoni kuwapigia kelele zangu. Niliporudi, bibi alikuwa bado amesimama.

"Wamewahi," alisema.

"Labda na mvua inawahi," mama akamjibu kutoka jikoni.

Bibi alikaa kwenye jiwe lake akiutazama mlima mpaka kivuli kilipomhama. Mama Elifuraha, jirani yetu wa chini, akafika akitweta. Alikuwa mjane mwenye watoto wengi na shamba dogo, na mbegu zake hazikuwa na akiba.

"Shikamoo mama. Umewaona?"

"Marahaba. Nimewaona."

"Tupande?"

Bibi aliutazama tena mlima. Baba alikuwepo, amekaa kizingitini anafunga kandambili zake za tairi aende kazini. Aliinua uso akamtazama mama yake, akafungua mdomo, kisha akainama tena kwenye kamba. Niliona hayo yote kwa macho yangu. Nilidhani anataka kuomba chakula cha kwenda nacho, akaona haya mbele ya mgeni.

"Tangu nipate akili hawajanidanganya," bibi alisema. "Pandeni."

Basi tukapanda, sisi na Mama Elifuraha na mteremko mzima. Baada ya siku chache yakanyunya manyunyu ya kubembeleza vumbi, tukashangilia, maharage yakachipua. Sijui kama mnakumbuka jinsi majani mawili ya kwanza ya harage yanavyofunguka, manene, yanang'aa. Jua likarudi. Kila asubuhi bibi alikwenda kuyatazama, na kila asubuhi yalikuwa yameinama zaidi, mpaka siku moja aliyashika yakasagika vidoleni. Darini kulikuwa kumebaki kamba tupu.

Siku hizo ndipo moshi ulipoanza kupanda kutoka tambarare. Ulituamkia na kulala nasi. Bibi alisema ni watu wanasafisha mashamba, lakini alisema bila kuwa na hakika, na mara nyingi nilimwona akinusa hewa.

Ng'ombe mmoja alipolala chini akakataa kuinuka, mama aliona hakuna la kupoteza. Alichukua mundu, akanichukua na mimi, tukashuka kwa njia ya zamani moja kwa moja mpaka kwenye waya. Mlinzi hayupo, tukapita chini yake. Mpaka leo nina kovu mgongoni la waya ule.

Kinamasi hakikuwapo. Nilimuuliza mama kama tumepotea njia. Mbele yetu kulikuwa na ardhi nyeusi iliyopasuka, na ardhi yenyewe ilikuwa inaungua, si juu tu bali kutoka ndani, moshi ukitoka kwenye nyufa, joto likipenya nyayo. Kambale walikuwa wamekauka midomo wazi pale walipofuata tone la mwisho la maji. Kobe wadogo wa kinamasini walikuwa wamelala chali, wameungua. Na katikati, umenyooka kabisa, ulipita mfereji wa kina kirefu, kuta zake zimekatwa kwa ustadi. Mama alisimama ukingoni mwake akitazama alama za jembe. Alijua mkono wa mumewe.

Ndipo tukasikia milio ya bunduki nyuma ya tuta refu la udongo, mfululizo. Mama alinilaza chini, kisha tukatambaa mpaka juu. Nyuma yake kulikuwa na bwawa jipya, maji yote ya kinamasi chetu yamejazwa humo, hayana tete hata moja. Na bata walikuwa humo. Wageni wote, na mistari yao myeupe, wamebanana kwenye maji yale kwa kuwa hapakuwa na maji mengine. Sisi tuliwaona wakipanda, hatukuwaona wakishuka. Hawakwenda kaskazini. Walifukuzwa na ukavu, wakazunguka angani kutafuta pa kutua, wakapata hapo. Bwana Miwani na wenzake walikaa kwenye viti vya turubai, vinywaji pembeni, wanapiga marisau, zile risasi za chembechembe, katikati ya kundi. Bata waliruka, wakazunguka, wakarudi palepale. Hiyo nayo inaitwa kuwinda. Vijana wetu walikesha kwa tanzi moja la nyuzi, na hao ndio walioitwa majangili.

Mbwa wa Bwana Miwani alikuwa amelala kivulini, mkavu. Aliyekuwa majini ni baba. Yumo mpaka kifuani, anaokota bata waliokufa na waliokuwa bado wanapiga mabawa, anawashika shingo, anawaleta ukingoni, anarudi kuchukua wengine. Alipotoka niliona ruba miguuni mwake. Maji yalikuwa na ruba, kwa hiyo mbwa hakuingizwa.

"Ameifungia mvua," nilimwambia mama. Nilikuwa nimeelewa, au nilidhani nimeelewa: bata hawakwenda kuifungua mvua kwa sababu huyu mtu amewashika hapa. Mama alinivuta mkono. Tulirudi bila majani.

Jioni baba alikuja na bata wawili, kapewa na bwana wake. Aliwaweka kwenye jani la mgomba mbele ya mama yake. Kwetu tulizungumza Kimeru, na maneno yale kwa Kimeru ni makali zaidi, lakini yalikuwa hivi.

"Umewatoa wapi?" bibi aliuliza.

"Bwana kanipa."

Bibi alimchukua mmoja, akampangusa tope kichwani kwa kidole gumba, mstari mweupe ukatokea. "Hawa wameshaondoka," alisema. "Niliwaona wakiondoka."

Baba akavuta kigoda akakaa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake kifuani.

"Mwambie," mama alisema. "Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mtoto huyu ni shahidi."

Akamwambia, huku anatazama jiko. Kwamba mfereji haukuwa wa kahawa, ulikuwa wa kukausha kinamasi kipandwe ngano. Kwamba walifungulia maji jioni ya kuamkia siku bata walipopaa.

"Na asubuhi ile nilipoulizwa hapo mlangoni, ulikuwa umekaa wapi?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ulijua."

"Nilijua tumeshafungua maji. Sikujua bata wataondoka siku hiyo." Alichokonoa majivu kwa kijiti. "Halafu walipoondoka, nilijua. Niliona haya kusema ninachimba wapi. Nikasema labda mvua itakuja tu."

Bibi alimrudisha bata juu ya jani. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Kesho yake alikwenda nyumba hadi nyumba, kila mlango uliokuwa umepanda kwa neno lake, akawaambia mbegu zao zimekufa kwa sababu yake mwenyewe. Nilimfuata. Wengine walimkaribisha wakampa kiti. Mama Elifuraha hakumpa kiti.

"Mama, mimi bata siwajui," alimwambia. "Mimi nilikufuata wewe."

Masika yalikuja kwa wakati wake, mazito, mazuri kuliko miaka mingi, yakaotesha magugu. Tulikula ndizi tupu mwaka mzima. Mbegu nyingine zilipatikana kwa ndugu, nyeupe, zinachelewa kuiva, lakini yale mekundu yenye madoa sijayaona tena, na kila niendapo sokoni nayatafuta.

Nilimchukia baba. Nasema wazi, nilimchukia kwa miaka, nikamnyima hata shikamoo ya moyoni, nikawa naitoa ya mdomoni. Mama naye alimpikia bila kumtazama. Mteremko mzima ulimgeuzia mgongo, kanisani benchi lake likawa na nafasi. Na hapo ndipo hasira yangu ya leo inapoanzia, ya utu uzima, ambayo ni mbaya zaidi. Hasira zetu zote tulizimalizia kwa mtu aliyekuwa karibu, mwenye ruba miguuni. Yule aliyekaa kwenye kiti cha turubai hakupata hata punje. Ngano yake haikustawi, tope lile lililoungua likawa majivu na upepo ukayachukua, akauza akarudi kwao akiwa na afya njema. Nasikia watu wanaoandika mambo ya zamani wanamsifu kuwa alipenda sana ndege. Alipenda. Nilimwona kwa macho yangu anavyowapenda.

Mwaka uliofuata wageni waliofika wakati wa vuli walikuwa wachache mno, na bunduki zikaanza siku ileile waliyotua. Jua kali likaja, likazidi, wakati ukafika ambao zamani wangekuwa wanakusanyika. Watu wakaanza kuja kwetu mmoja mmoja, wanapita kama wana shughuli nyingine. Ni mazoea, na mtu mwenye mbegu za kuazima mkononi hana pengine pa kwenda. Mwisho akaja hata Mama Elifuraha. Alimsalimu bibi, akasimama pembeni, hakuthubutu kuuliza moja kwa moja.

Baba alikuwa anapasua kuni pale uani. Bibi hakugeuka kumtazama.

"Mimi siku hizi sijui kitu," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Muulizeni mwanangu. Bata wako kwake."

Shoka likasimama. Mama Elifuraha akamgeukia baba, na sisi wote tukamgeukia. Nilikuwa nimeshiba chuki kiasi kwamba nilingoja kwa hamu kumwona akiaibika. Baba aliweka shoka chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akamjibu mama yake, si jirani.

"Hawapo, mama," alisema. "Tumewamaliza."

Kisha akaokota shoka akaendelea na kuni. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimewasikia wazungu, mabwana shamba, waheshimiwa na wanunuzi wa viwanja wakielezea kinamasi kile kilikwenda wapi. Katika wote hao, aliyewahi kujitia ndani ya neno hilo ni baba yangu peke yake.